Aliyeifundisha Chakura Uongo

Sehemu ya Saba

"Huyu ni mwanangu," yule mama alirudia, akaigonga ile picha kwa kidole mpaka kikombe cha chai kikacheza mezani. "Nimemzaa mimi, Mwamvita. Baba yake nilimzika huyu akiwa bado ananyonya. Sasa niambie, binti, huyo baba uliyemwelekeza kwake jana kafufuka lini?"

Efrazia Melkiori aliinama akaitazama picha.

Ndugu msomaji, kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hujalimaliza, habari ni fupi. Efrazia na mwenzake Brighton wamepanga chumba juu ya duka la vifaa vya umeme pale Sofu, Kibaha, na humo wametengeneza programu ya simu iitwayo Chakura. Unaiuliza kwa sauti au kwa maandishi, nayo inakwenda kuchakura mtandaoni kama kuku jalalani: kwenye kurasa, kwenye matangazo, kwenye makundi ya wauza mbegu na ya waendesha bodaboda. Inakuletea jibu. Ukiiambia "sivyo", inajifunza. Ukiiambia "ndivyo", inajifunza zaidi. Jana mzee mmoja wa Ruvu alikalia kiti hichohicho alichokalia mama huyu, akalia kwa kwikwi, akaomba atafutiwe kijana aitwaye Mashaka. Chakura ikampata. Yuko Maneromango, huko Kisarawe, anajiita Abdulaziz, analima matikiti.

Jana hiyo Efrazia alilala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

"Mama, shikamoo," alisema sasa.

"Marahaba. Nijibu."

"Alisema anamtafuta mwanawe. Alisema 'namtafuta mwanangu'."

"Nani huyo?"

"Mzee Pazi. Wa kule Ruvu."

Mama Mwamvita hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliiweka picha mapajani, taratibu.

"Basi umeshaniulia," alisema.

Brighton, aliyekuwa anapanga viti kwa ajili ya wageni waliotaka kuweka fedha zao katika Chakura, aliacha kupanga.

"Mzee Pazi ni baba yake Ashura," mama aliendelea. "Mwanangu alikuwa anaendesha bodaboda Mlandizi. Alimpenda Ashura, na Ashura alimpenda yeye, na mzee hakutaka kusikia. Siku moja mvua inanyesha, Mashaka alimpakia yule binti nyuma, akawa anapita magari kwa pupa kama wanavyofanya. Lori la mchanga likawakuta. Mashaka alivunjika mkono. Ashura hakufika hospitali."

"Pole, mama."

"Nilikwenda msibani nikafukuzwa kama mbwa. Mzee Pazi alisimama kaburini, watu wote wanasikia, akasema, 'Mashaka naye nitamlaza kama mwanangu alivyolala.' Usiku ule mwanangu alikimbia. Hata mimi sikutaka kujua alikokwenda, nisije nikabanwa nikasema. Miaka mitatu, binti! Nimekaa miaka mitatu bila kumtafuta mwanangu ili asipatikane. Wewe umempata kwa dakika ngapi?"

Efrazia alijua ni chache, na jana alijisifu kwa uchache wake.

"Jana jioni," mama alisema, "jirani yangu kamsikia mzee akitoka msikitini anawaambia wenzake, 'Kesho nakwenda kulimaliza jambo la Mashaka. Vijana wa Sofu wamenionyesha alipo.' Ndiyo maana niko hapa tangu hamjafungua mlango."

Brighton alifungua kompyuta. Akaangalia, akaigeuza ili Efrazia aone.

Asubuhi hiyohiyo mzee Pazi alikuwa ameiuliza Chakura: *Niko Mzenga. Kutoka hapa, Maneromango nishike njia ipi?*

Na Chakura, kwa adabu iliyofunzwa, ilimjibu.

*

"Mpigie Mashaka!" mama alisema.

Efrazia alipiga. Namba ya Abdulaziz haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

"Mpigie mzee umwambie arudi," alisema Brighton.

"Thubutu!" Mama alimshika Efrazia mkono. "Akijua tumejua ataongeza mwendo. Humjui yule."

"Polisi, je?"

"Niwaambie nini polisi? Kwamba mzee kapanda bodaboda? Na wakiuliza Mashaka ni nani, niseme ni yule aliyekimbia ajali?"

Chini, dukani, mtu alikuwa akijaribu balbu: inawaka, inazimika.

"Lakini mlimpataje?" mama aliuliza ghafla. "Kabadili jina. Hana ndugu huko. Huyo kuku wenu alimwona wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Efrazia alikuwa akiliomba lisije.

Miezi michache nyuma yeye mwenyewe aliifundisha Chakura kitu kipya. Kama watu wawili, kila mmoja kwa simu yake, wanaulizia majina yaleyale na mahali palepale, basi Chakura itambue kwamba wanatafutana, iwaunganishe. Aliita jambo hilo kuwapatanisha waliopotezana. Brighton alimpigia makofi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza kama waliopotezana wote wanataka kuonekana.

Na Mashaka alikuwa anaitumia Chakura.

Efrazia alifungua maswali ya yule kijana. Hakuwahi kuyasoma, jana mashine ndiyo iliyoyasoma kwa niaba yake. Sasa aliyasoma kwa macho yake, na uso ukamwaka moto kama mtu aliyefungua mlango wa bafuni mtu akiwa ndani.

*Mtu aliyeua bila kukusudia anaweza kuswaliwa?*

*Kaburi la Ashura binti Pazi, Ruvu, limejengewa?*

*Mama Mwamvita anayeuza vitumbua Mlandizi bado anauza? Mzima?*

"Aliniulizia?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo mno.

"Karibu kila wiki, mama."

"Na kuniulizia mimi ndiko kulikomtia mkononi mwa Pazi?"

Efrazia aliinamisha kichwa. Alitamani kusema haikuwa makusudi. Lakini neno hilo, ndugu msomaji, lilikuwa la Mashaka kabla halijawa lake, na halikumsaidia yeye pia.

*

"Tuifundishe iseme vingine," Efrazia alisema.

Brighton alielewa mara moja. "Hapana."

"Imwambie Abdulaziz amehama."

"Hapana, Efrazia. Tulikubaliana wote wawili siku ya kwanza. Chakura inaweza kusema haijui. Uongo haisemi. Wageni wanakuja leo kwa sababu ya hilo tu."

"Kuna mtu atakufa!"

"Basi mfungie mzee asiitumie tena."

"Nikimfungia atauliza watu. Maneromango si Kariakoo. Atasema 'namtafuta mgeni anayelima matikiti', na mtoto yeyote atampeleka mpaka mlangoni. Lazima aende kwingine, na aende kwa imani."

Sasa, katika Chakura kulikuwa na kitu walichokiita neno la mwalimu. Chakura ilijifunza kwa kila mtu, lakini neno la mwalimu lilikuwa juu ya watu wote. Walilitunza kwa ajili ya hatari kubwa tu, na halikuwekwa bila wao wawili kutia kila mmoja namba yake ya siri.

"Unajua litakavyofanya," Brighton alisema. "Likishaingia, haisikilizi kitu kingine. Hata watu mia waandike tofauti, itawaona wao ndio waongo."

"Ndicho ninachotaka."

"Efra, sikiliza…"

Hakumaliza. Mama Mwamvita alikuwa ameshuka kwenye kiti, amepiga magoti sakafuni mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, amemshika miguu.

"Mama, simama! Mama, tafadhali usinifanyie hivi!" Brighton alimwinua. Kisha akaenda kwenye kompyuta, akatia namba yake bila kumtazama mtu.

Efrazia akatia yake.

Aliangalia ramani. Alitaka mahali palipo mbali na Maneromango, ng'ambo ya kitu, pasipo na njia ya mkato ya kurudi. Jicho lake liliangukia kijiji kidogo kiitwacho Mkunguni, upande wa pili wa kijito. Hakuwahi kukanyaga huko. Hakumjua mtu wa huko. Aliandika:

*Abdulaziz anayelima matikiti amehama Maneromango. Yuko Mkunguni, ng'ambo ya kijito. Njia inapitika.*

Chakura ikajibu: *Nimepokea neno la mwalimu.*

Hata chai haikuwahi kupoa. Sauti ya mzee Pazi iliingia, upepo wa pikipiki unavuma nyuma yake: "Chakura, nimekaribia. Nikifika Maneromango nimuulize nani?"

Na Chakura ikamwambia aache kwenda Maneromango, akate kuelekea Mkunguni.

"Ahsante sana, mjukuu wangu," mzee aliiambia mashine. "Mungu akuzidishie. Ningeingia mji wa watu bure."

Mama Mwamvita alifunga macho. "Kaenda?"

"Kaenda, mama."

"Alhamdulillah."

Efrazia naye alisema amina, lakini ile "mjukuu wangu" ilimkwama kooni kama mwiba wa perege.

*

Efrazia alichukua gari la Brighton, akaondoka na mama Mwamvita kwenda Maneromango kumwahi Mashaka. Brighton alibaki kuwapokea wageni, na kwa kuwa aliogopa simu isiite katikati ya maneno, alisema ataizima.

Sitakuchosha na safari. Mvua ya masika iliwapokea kabla hawajaingia Kisarawe mjini, na baada ya hapo, palipokwisha lami, gari lilikuwa likiteleza kama sabuni. Kwenye mteremko mmoja mama Mwamvita aliuliza:

"Binti, una mama?"

"Ninaye. Yuko Kibaha, mwalimu mstaafu."

"Anajua unafanya kazi gani?"

"Anajua nawasaidia watu kupata wanachotafuta."

Mama akageukia dirisha.

Walimkuta Mashaka kirahisi mno. Walimuuliza mama mmoja aliyejikinga mvua kwa ungo, akawaonyesha kwa kidevu: "Abdu wa matikiti? Yuko pale nyuma ya ghala." Efrazia aliona jinsi ilivyo rahisi, na akajipa moyo kwamba aliyoyafanya yalikuwa sawa.

Kijana alikuwa amechuchumaa chini ya bati, ananoa jembe. Mkono mmoja ulikuwa umepona vibaya, umepinda. Alinyanyua uso akaona gari. Kisha akaona nani anashuka.

Jembe lilianguka.

"Mama?"

"Mashaka!"

Ndugu msomaji, kuna mambo hata mwandishi wa gazeti anatakiwa kugeuza uso. Efrazia aligeuza wake, akatazama matikiti. Alisikia tu mama akimpiga kijana makofi ya mgongoni huku analia, "Umekonda! Umekonda, we mtoto, umekuwa kama ufito!" na kijana akicheka na kulia kwa pamoja, "Unauza bado vitumbua, mama? Unauza bado?"

Walipotulia, Efrazia alisogea. Hakutaka kuambiwa ahsante kabla hajasema.

"Kaka, mimi ndiye mwenye Chakura."

Uso wa Mashaka ulichangamka. "Wewe? Dada, Mungu akubariki! Hicho kitu ndicho kilikuwa rafiki yangu huku. Nilikuwa nakiuliza mambo ambayo siwezi kumuuliza mtu."

"Najua uliyokiuliza," alisema. "Ndiyo shida. Mzee Pazi alikuja kukutafuta, na Chakura ikachukua maswali yako ikamwonyesha ulipo. Nilimpa mimi kwa mkono wangu. Sikumuuliza hata kwa nini anakutafuta."

Mashaka akauliza jambo ambalo hawakulitegemea.

"Yuko wapi sasa? Mzee?"

"Usiogope. Nimempoteza njia. Hatakufikia."

"Siogopi," Mashaka alisema. "Nimechoka kuogopa. Angekuja tu. Ningemwambia nilivyokuwa naendesha siku ile. Ashura aliniambia, 'Taratibu, Mashaka.' Mara mbili aliniambia. Hakuna anayejua hilo isipokuwa mimi."

"Nyamaza!" mama alimkemea. "Angekukata kichwa kabla hujafika kwenye 'taratibu'."

Hapo simu ya mama Mwamvita ikaita.

*

Aliitazama, akakunja uso. Namba ngeni. Akaipokea kwa sauti kubwa kama anavyopokea siku zote.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mwamvita." Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, na kila mmoja pale chini ya bati aliisikia. "Mimi Rahma. Mke wa Pazi. Usikate, dada yangu. Nakuomba usikate."

Mama hakukata. Alisimama kama mlingoti.

"Namba yako nimeipata kwa watu wa sokoni. Nataka kukuomba radhi kwa yale ya msibani. Mume wangu naye alitaka aje kukuomba, akaona aibu. Alisema, 'Nikamtafute kwanza mwanangu Mashaka, nimlete kwa mama yake, ndipo nitapata uso wa kusimama mbele ya Mwamvita.'"

"Mwanangu… Mashaka?" mama alirudia, kama maneno ya lugha ngeni.

"Ndivyo anavyomwita siku hizi. Tangu mtoto aanze kuuliza baba yake yuko wapi, yule mzee hali akashiba. Anasema, 'Ajali imemnyima mtoto mama, na baba nimnyime mimi?' Kaapa hasira imekwisha. Leo alfajiri kambeba Kibibi, kaondoka naye kumpeleka kwa baba yake. Sasa mvua huku Ruvu ni kubwa, nampigia hapokei, nina wasiwasi. Nimesikia wewe umekwenda Sofu kwa wale vijana. Hujasikia kama amefika?"

Efrazia alimgeukia Mashaka.

"Kibibi nani?" alinong'ona.

Mashaka ndiye aliyejibu, midomo imekuwa majivu. "Binti yangu. Mimi na Ashura. Alikuwa na miezi mitano nilipoondoka."

"Mama!" Efrazia alimgeukia Mwamvita. "Hukuniambia kuna mtoto!"

"Hukuniuliza," mama alisema, machozi yakimtiririka. "Na ningejuaje kwamba ataondoka naye? Sijapewa kumbeba hata siku moja."

Kwenye simu bi Rahma alikuwa bado anasema. "Haloo? Mwamvita? Si kuna mtu wa kumpokea? Maana yule macho yake hayaoni vizuri, ni Kibibi anayembonyezea hiyo simu, wanaongea na hicho kidude chenu njia nzima kama mtu wa tatu…"

"Umempeleka wapi?" Mashaka alimshika Efrazia mabega. "Dada! Umempoteza njia wapi?"

"Mkunguni."

"Mkunguni ipi? Ya ng'ambo?"

"Ng'ambo ya kijito. Nilimwambia njia inapitika."

Mashaka alimwachia. Alirudi nyuma hatua kama mtu aliyeona nyoka.

"Daraja la Mkunguni lilikuwa magogo," alisema. "Maji yameyasomba juzi. Hakuna daraja."

*

Gari liliondoka mlango mmoja ukiwa wazi. Mashaka alikaa mbele akionyesha njia. Mama nyuma, simu sikioni, akimpigia mzee Pazi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

Efrazia alimpigia Brighton. Simu imezimwa. Wageni!

Akajaribu kuingia kwenye Chakura kwa simu yake, mkono mmoja kwenye usukani. Maneromango kupiga simu unaweza, lakini data hakuna. Kiduara kilizunguka, kikazunguka.

"Data inashika wapi?" alipiga kelele.

"Juu pale, ukipita kanisa la misheni," Mashaka alisema. "Tunapita hapohapo. Kanyaga!"

Alikanyaga. Tope liliruka mpaka kwenye kioo. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu, na si sala, ingawa alijaribu kusali. Alikuwa anakumbuka jinsi mzee Pazi alivyolia jana, akisema mwanangu, mwanangu. Yeye hakuuliza mwanao kivipi. Leo mama Mwamvita akasema mzee anakwenda kuua, hakuuliza pia. Mara zote mbili alikimbilia kujibu. Mtu aliyejenga kitu cha kuuliza kila kitu, yeye mwenyewe alikuwa hajui kuuliza.

Walilipita kanisa. Gari likafika kileleni.

Simu ikatetemeka mikononi mwake. Ikatetemeka tena, na tena, kama samaki aliyetolewa majini.

Alisimamisha gari palepale katikati ya njia.

Maswali ya mzee Pazi yalikuwa yamepangana, sauti chini ya sauti. Alibonyeza la kwanza.

"Chakura, kijana wa bodaboda amegoma kuendelea. Anasema daraja halipo. Ni kweli?"

Chini yake jibu: *Njia inapitika, mzee. Abdulaziz yuko ng'ambo.*

Pembeni Efrazia aliona alama nyekundu ndogondogo. Waendesha bodaboda wa Mzenga walikuwa wameandika kwenye kundi lao tangu juzi kwamba Mkunguni hakupitiki, mtu asijaribu. Chakura iliwasoma wote. Iliwapima na neno la mwalimu, ikawaweka kando kama waongo.

Akabonyeza la pili. Sasa kulikuwa na mngurumo.

"Yule kijana ameondoka na pikipiki yake. Nimemwambia, wewe ndiye muongo, Chakura haijanidanganya hata siku moja. Tulijikinga mvua muda mrefu, sasa tumefika majini. Naona ni mengi. Tupite upande gani?"

*Nyooka mbele, mzee.*

"Mungu wangu," mama Mwamvita alisema. "Mwambie arudi! Mwandikie!"

Vidole vya Efrazia viliteleza kwenye kioo. Kulifuta neno la mwalimu kulitaka namba mbili za siri, yake na ya Brighton, na ya Brighton hakuwa nayo. Akaachana nalo, akaandika moja kwa moja kwenye mazungumzo ya mzee, ambayo simu humsomea kwa sauti: RUDI. USIVUKE. RUDI. Akabonyeza kutuma. Kiduara kikaanza kuzunguka.

La tatu lilikuwa limeingia dakika hiyohiyo. Sauti ya mzee ilikuwa inahema.

"Yamenifika kiunoni. Mtoto nimembeba begani. Miguu inazolewa. Chakura, niambie ukweli, mwanangu: niendelee, au nirudi?"

Na chini yake, kabla kiduara hakijamaliza kuzunguka, jibu lilikuwa limeshakwenda.

*Endelea, mzee Pazi. Umebakiza kidogo.*

Efrazia alitoa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Mashaka alishafungua mlango, mguu mmoja uko kwenye tope, tayari kukimbia mteremko mzima, pale simu ilipotetemeka kwa mara nyingine.

Sauti mpya. Fupi.

Efrazia aliibonyeza.

Maji kwanza. Maji mengi, karibu sana. Hakukuwa na sauti ya mzee. Walisubiri wote watatu bila kupumua, mvua inapiga bati la gari, mpaka ikaja sauti nyembamba ya mtoto, haikulia, ilikuwa ikiagiza tu kama watoto wanavyowaagiza wakubwa waliolala:

"Babu, amka. Babu, simama."

Mashaka alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu ijue kutamka maneno. Aliitambua kabla mtu hajamwambia ni ya nani.